Shimo Katika Shamba la Mama Mkwe

Kwa miaka yote niliyoishi na mke wangu, mama yake nilimjua kwa sauti na kwa mgongo. Vijana wa siku hizi wanakumbatiana na wakwe zao kwenye kumbi za harusi na kupiga picha mashavu yamegusana, na mimi sina ugomvi nao. Ila mimi nilioa katika ukoo ambao mama mkwe ni mtu wa kukwepwa. Nikimwona anakuja, naacha njia na kuingia majanini mpaka apite. Nikienda kwake, naketi nje ya jiko nimempa kisogo, naye kanipa cha kwake. Nasema shikamoo nikitazama migomba, ananiitikia marahaba akitazama moto. Haikuwa chuki. Ilikuwa heshima nzito kuliko zote nilizowahi kupewa, na ilinichukua muda kuielewa, kwa sababu kwetu haipo.

Kwetu kwenyewe ni wapi, sijui hata nisemeje. Babu yangu aliletwa Kilosa kukata mkonge, baba akazaliwa kambini, mimi nikazaliwa mjini karibu na stesheni. Kiswahili ndiyo lugha yangu, sina nyingine ya kurudia, na ardhi pia sikuwa nayo. Mke wangu alikuwa mwenyeji, na kwa wenyeji wa huku ardhi hupita kwa akina mama: bibi humwachia binti, naye binti humwachia wa kwake. Shamba lao liko bondeni, kando ya barabara ya kwenda Mikumi. Mke wangu alizoea kunitania mbele za watu, "Huyu mwana wa mkonge nilimwokota tu, hana hata pa kupanda mchicha." Watu walicheka na mimi nikacheka, maana alisema kweli. Pale kwao ndipo mahali pekee duniani ambapo mtu akiniuliza ninapokaa, ningeweza kunyoosha kidole.

Kazi yangu ni kupanga machimbo. Watu wakisikia machimbo wanafikiria dhahabu na wananitazama kwa tamaa. Nikiwaambia ni changarawe, wanabadili mazungumzo. Kabla kijiko, ile mashine ya kuchimbia, hakijaingia shambani, mimi hutangulia na vipimo, nachimbisha mashimo ya majaribio, najua changarawe imeanzia wapi na imeishia wapi. Halafu nachora: waanze upande huu, washuke hivi, kingo zisikatwe wima, udongo wa juu uwekwe peke yake usichanganywe na takataka. Sehemu ya mwisho ya mpango ndiyo ninayoipenda, na ndiyo wenye kampuni wanayoifungua mara moja tu, siku ya kuipitisha. Inasema ardhi itaachwaje kazi ikiisha. Mkoa huu una mashimo yaliyoachwa wazi kando ya barabara, mbuzi wanavunjika miguu humo, na kila nikiyapita hukasirika kana kwamba nimetukanwa mimi.

Basi barabara ilipohitaji changarawe, vipimo vyangu vilinipeleka hatua kwa hatua hadi shamba la mama mkwe. Nilisimama pale nikacheka peke yangu. Chini ya udongo mweusi kulikuwa na changarawe safi iliyoachwa na mto wa zamani, na chini ya changarawe kulikuwa na udongo wa mfinyanzi, mzito, usiopitisha maji. Mtu wa kazi yangu akiona hivyo moyo unamruka. Shimo la aina hiyo halina haja ya kufukiwa. Changarawe ikiisha unashindilia sakafu, unakata mfereji wa kuingizia maji ya mvua na mwingine wa kutolea yanayozidi, na tayari una bwawa.

Na bondeni kule bwawa lingekuwa ukombozi. Kiangazi kikikolea, wanawake hufukua mchanga wa mto kutafuta maji, na kikombe kimoja huchukua muda kujaa. Wafugaji huteremsha ng'ombe kutoka pande za Tindiga, ng'ombe wana kiu, mahindi ya watu yako njiani, na hapo mambo huharibika upesi. Nilipanga upande mmoja uwe na mteremko mpole wa kunyweshea ng'ombe, mbali na mashamba, na upande wa pili uwe wa kuchotea watu.

Nilimweleza mke wangu siku hiyo hiyo, nikichora kwa kijiti kwenye vumbi la uani kwetu. Aliweka chini ungo wa mchele.

"Maji yakae pale pale shambani?" aliuliza. "Kiangazi chote?"

"Kiangazi chote."

Alikuwa amekua akifukua mchanga ule. Alilitazama vumbi, kisha akafuta kona moja ya mchoro wangu na kuichora upya, eti hapo ndipo akina mama wangepita vizuri na ndoo. Ile kona niliihamisha kwenye mpango kama alivyoichora yeye, na mpaka leo ndipo wanapopita.

Lakini shamba ni la mama yake, kwa hiyo neno lilipaswa kwenda kwa mama yake, na mimi siwezi kumpelekea neno. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya mke wangu tangu tuoane. Tulikwenda, nikaketi mahali pangu nimetazama migomba. Nilimweleza mke wangu kwa Kiswahili na kwa sauti ya chini, maana mkwe hapelekei jikoni maneno marefu, naye akageuka na kumweleza mama yake kwa lugha yao, ambayo mimi naokota neno moja moja tu. Mama mkwe alijibu kwa kirefu. Aliongea, akanyamaza, akaongea tena, sauti ikapanda kidogo halafu ikashuka.

"Amesemaje?" niliuliza.

"Amesema sawa."

"Maneno yote hayo ni sawa?"

"Wewe nawe! Wazee wanazunguka. Mwisho wake ni sawa."

Nilimwamini. Kwa nini nisimwamini? Ndivyo tulivyoishi. Hotuba za mama mkwe zilinifikia zikiwa zimekaushwa, na bila shaka ukali wangu ulimfikia yeye ukiwa umetiwa asali. Mkutano wa kijiji ulipoitishwa mimi ndiye niliyesimama kuueleza mpango, na kwa sababu hiyo mama mkwe hakuja. Asingeweza kukaa mkutanoni akimtazama mkwewe akihutubia. Siku ya kutia dole gumba kwenye mkataba, mke wangu alikaa naye ndani ya nyumba akamsomea, mimi nikisubiri barabarani pamoja na watu wa kampuni.

Kazi ikaanza. Kijiko kiliukwangua udongo mweusi kwanza, matipa yakaulundika pembeni kama nilivyoagiza, na nilikuwa mkali juu ya lundo lile. Dereva aliyemwaga mawe karibu nalo alinisikia. Nilikusudia udongo ule uje utandazwe kwenye kingo za bwawa ili nyasi zishike. Mvua za kwanza zilipokaribia, nilikuta lundo zima limepandwa maboga. Mama mkwe alikuwa amepita na mbegu zake, majani yakatambaa kila upande na mizizi ikaushika udongo usichukuliwe na maji. Nilifurahi kupita kiasi. Huwa tunapanda majani kwenye malundo ya namna hiyo kwa sababu ile ile. Nilimwambia mke wangu, "Mwambie mama ahsante, amenisaidia kazi." Mke wangu alijibu kwamba atamwambia, akaenda kuanua nguo.

Halafu akaugua. Sitaki kuandika mengi juu ya hayo. Tulikwenda Morogoro, tukarudi, tukaenda tena, na safari ya mwisho alirudi amelala nyuma ya gari akiwa mwepesi hata mashuka yalimzidi. Hatukujaliwa mtoto. Kwa desturi yao mtu hurudi kwa mama zake, kwa hiyo alizikwa juu ya shamba, penye mwinuko, na kutoka pale kaburini unaliona shimo lote. Mashine zilinyamaza siku za msiba, na nilisikia jambo ambalo sikuwa nimelisikia tangu kazi ianze, mama mkwe akilia kwa sauti kutoka upande wa pili wa nyumba. Sikuweza kwenda kumshika mkono. Sikuwa na wa kumtuma. Yule aliyekuwa akitumwa ndiye aliyekuwa amelala.

Baada ya msiba, kaka yake mama mkwe, mjomba wa marehemu, alibaki. Yeye anaishi milimani Mamboya na hakuwahi kuwapo wakati wa mambo ya shamba. Siku moja alikuja machimboni amevaa koti lake la msibani, akasimama ukingoni na kutazama chini kwa muda.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mkwe. Kazi imebaki nyingi?"

"Inaelekea mwisho."

"Dada ananituma. Anauliza mtaanza lini kufukia."

Nilidhani anazungumzia jambo jingine. Nikamuuliza kufukia nini. Alinitazama kama mtu anayemwogopea mgonjwa, akaniambia taratibu: shimo. Marehemu alikuwa amemwambia mama yake kwamba kampuni itachota changarawe, kisha italifukia shimo, na udongo mweusi utarudishwa juu kama ulivyokuwa, na atapanda tena mahindi na mbaazi pale alipopanda mama yake. Ndiyo maana dada yake aliulinda udongo kwa maboga. Hakutaka hata kiganja kimoja kipotee.

Mjomba alipoondoka niliteremka hadi chini kabisa ya shimo, mahali ambapo madereva hawanioni, na nikamkasirikia mke wangu. Nilimkasirikia kwa sauti. Nilimuuliza amenifanyia nini, na alidhani siku hiyo ikifika tutasema nini, na kwa nini amekwenda kupumzika akaniachia mzigo huu. Niligombana na marehemu kama tulivyozoea kugombana jikoni, na kila nikinyamaza kumsubiri ajibu, nilianza kulia.

Kumwelewa hakukuwa kugumu, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Mama yake angekataa maji. Angesema ardhi ya mama yake hailali chini ya maji. Yale maneno marefu yaliyorudi kwangu yakiwa "sawa", nina hakika yalikuwa hayo. Na mimi nisingekubali kufukia, kwa sababu changarawe ikiondoka hakuna cha kujazia shimo, imekwishakuwa barabara, magari yanapita juu yake kwenda Mikumi. Mke wangu alitaka maji, alitaka mama yake asiumie, na alitaka mumewe apate kitu kimoja cha kunyooshea kidole. Nadhani alipanga kumweleza mama yake kidogo kidogo, kwa njia zake. Alikuwa fundi wa hayo. Alikosa muda tu.

Nilijaribu. Nilichukua michoro nikakaa nayo, nikatafuta kila kifusi kilichopo. Nilichopata ni kipande kidogo upande wa mwinuko, chini ya kaburi, ambapo ningeweza kurudisha kifusi na kutandaza juu yake udongo mweusi mwingi kuliko nilivyopanga. Bustani, si shamba. Niliwaendea watu wa kampuni, tukavutana, wakakubali.

Kisha mjomba akaniita nyumbani. Niliketi mahali pangu. Migomba ilikuwa ile ile. Nyuma yangu, jikoni, nilisikia kanga ikijikunja, nikajua mama mkwe ameketi. Mjomba alikaa katikati, na yeye hakuwa na ufundi wa mpwa wake. Alileta kila neno kama lilivyotoka.

"Anasema watu walimwambia habari za bwawa. Anasema alimuuliza mwanawe, na mwanawe akamwambia watu wanapenda maneno tu, udongo utarudi. Anasema akamwamini mwanawe akaacha kuuliza."

Niliendelea kutazama migomba.

"Anasema juzi amewasikia madereva wako njiani wanasema maji. Anasema anataka kujua jambo moja tu, na umjibu kwa haki." Mjomba alisita. Mama mkwe alirudia neno lake, polepole, na lile nililielewa bila mkalimani, kwa sababu ndani yake mlikuwa na jina la mke wangu. "Anauliza, je, mwanangu alinidanganya?"

Ningeweza kusema ndiyo. Ukweli ulikuwa ndiyo. Na kama ningesema ndiyo, labda angenionea huruma, tungekuwa wawili tuliodanganywa na mtu mmoja tuliyempenda, na ningebaki pale. Nilikuwa nimekwishaanza kuota mambo ya uzee wangu pale, kibanda karibu na maji, na siku moja nilazwe kando yake kwenye mwinuko. Ni ndoto ya mtu asiye na kwao, najua. Lakini mama huyu alikuwa amebakiwa na kitu kimoja tu cha mwanawe, nacho ni kwamba alimwamini.

"Mwambie hapana," nilisema kwa sauti ya chini. "Mwambie marehemu alimweleza kama nilivyomweleza mimi. Mimi ndiye niliyesema tutafukia. Halafu nikabadilisha mpango, sikumwambia mtu, hata marehemu hakujua."

Mjomba hakugeuka kulipeleka neno mara moja. Nadhani alijua. Mtu mzima aliyenitazama ukingoni siku ile, alipoona nilivyoshtuka, lazima alijua. Aliniangalia machoni kwa muda, kisha akainamisha kichwa na kulipeleka kama lilivyo.

Baadaye nikasikia mama mkwe akivuta pumzi ndefu, pumzi ya mtu aliyetua ndoo, na ninaamini ilikuwa nafuu. Mwanawe hakumdanganya. Kisha aliinuka akaingia ndani na mlango ukafungwa. Mjomba aliniambia niende tu.

Tulimaliza kazi. Tulilainisha kingo, tukashindilia sakafu mpaka mfinyanzi ukawa mgumu kama kigae, tukakata mifereji. Kile kipande chini ya kaburi nilikitandazia udongo mweusi nikiwa nimesimama pale mwenyewe, nikimwonyesha dereva wa greda kwa mkono. Hakuna aliyekipanda. Maboga yaliondolewa lundoni, na mbegu zake sikuziona tena.

Masika yalipokuja bwawa lilijaa. Nasema hivyo kwa urahisi, lakini ndiyo kazi bora niliyowahi kufanya. Wafugaji wa Tindiga walinywesha mifugo upande wao, wakulima wakachota upande wao, na kiangazi kilichofuata sikusikia ugomvi wa mahindi. Watu wa Ruhembe walikuja kulitazama, wakitaka la kwao. Mtendaji wa kijiji alinishika mkono mbele ya wageni akanisifu, nami nilikuwa nikitazama nyuma ya bega lake, kule kwenye mwinuko.

Nilikuwa nikienda kufyeka kaburi. Nilichagua nyakati za asubuhi ambapo mama mkwe huwa kisimani, au niseme bwawani, maana sasa na yeye anachota huko kama wengine. Siku moja nilikutana naye njiani anarudi na ndoo. Niliacha njia kama kawaida, nikaingia majanini, nikainamisha macho, nikasubiri apite.

Hakupita. Niliona miguu yake inasimama, halafu inaacha njia, inanijia. Alitua ndoo chini mbele yangu.

"Shikamoo, mama," nilisema nikitazama ndoo.

"Marahaba. Inua uso."

Alisema kwa Kiswahili kilichonyooka, Kiswahili safi kabisa, ambacho miaka yote ile hakuwa na sababu ya kukitumia kwangu.

"Kaburini njoo," alisema. "Siwezi kumzuia mtu na kaburi. Lakini usiniachie njia tena, wala usinipe kisogo. Hayo ni ya mtu na mkwewe. Wewe pita tu kama wanavyopita watu wa barabara. Inua uso, mwanaume."

Niliinua. Ilikuwa mara ya kwanza kumtazama, na hapakuwa na kanga wala moshi kati yetu. Alikuwa na macho ya mke wangu. Alikuwa na paji la uso la mke wangu, na ile namna ya kubana mdomo upande mmoja akiwa amekasirika hataki kulia, na mikunjo yote ambayo mke wangu angeipata kama angeachwa azeeke. Uso huo nilikuwa nimejiambia sitauona maishani, na kumbe wakati wote ulikuwa nyuma ya mgongo wangu, hatua chache, ukitazama moto.

Aliinama, akajitwisha ndoo mwenyewe, akarudi njiani. Nilibaki pale majanini mpaka alipofika kwake na kufunga mlango, kisha nikaenda kufyeka.